Mchochota wakati wa ujauzito: kwa nini kuua vijidudu peke yake hakutoshi

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Malawi na Tanzania kwa wajawazito 4,680 wasio na VVU. Kundi la kwanza lilimeza SP (salfadoksini na pirimethamini), vile vidonge vitatu ambavyo mama humezeshwa kliniki mbele ya muuguzi ili kumkinga na malaria. Kundi la pili lilipewa dawa ya kisasa zaidi, dihidroatemisinini pamoja na piperakwini, ambayo kwa kifupi huitwa DP. La tatu lilipewa DP hiyohiyo na mwanzoni likaongezewa antibayotiki ya azithromaisini. Mbadala wa SP ulitafutwa kwa sababu ya msingi kabisa: katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vimelea vya malaria vimeshakuwa sugu kwa dawa hiyo.

Kwa upande wa malaria, DP ilishinda. Wanawake walioitumia waliugua malaria mara chache kuliko wenzao wa SP. Lakini watafiti walikuwa wanahesabu na jambo jingine, lile ambalo mama mwenyewe huliombea usiku na mchana, kwamba mimba ifike salama. Walijumlisha mimba zilizopotea, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliozaliwa na uzito mdogo au wakiwa wadogo kuliko umri wa mimba yao, na waliofariki kabla ya kutimiza mwezi. Matatizo hayo yaliwapata 23.3% ya wanawake wa SP, 27.9% ya wale wa DP, na 27.6% ya wale waliopewa DP na azithromaisini. Dawa iliyozidiwa nguvu na vimelea ndiyo iliyolinda mimba zaidi.

Matokeo kama haya hayawezi kueleweka ikiwa tunauona ugonjwa wa mjamzito kama pambano la pande mbili, kijidudu upande huu na dawa upande ule. Kuna upande wa tatu, nao ni mwili wa mama wenyewe na namna unavyojibu uchokozi. Jibu hilo huitwa mchochota. Sote tumeuona kwenye kidonda: panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Damu imekimbilia hapo, chembe nyeupe zimejaa, na kemikali zinazopeleka taarifa kutoka chembe moja hadi nyingine, ziitwazo saitokini, zimemwagwa kwa wingi. Kinachotokea kwenye kidonda cha mguu kinaweza kutokea pia ndani ya mji wa mimba, kwenye kondo la nyuma, kwenye chupa ya uzazi, hata kwenye kitovu cha mtoto. Na huko, tofauti na mguuni, hakuna anayekiona.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mchochota huohuo unahitajika ili mimba ishike na ili mtoto azaliwe. Hauwezi kuzimwa tu.

Mwaka 1953 mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar aliuliza swali ambalo limewashughulisha watafiti tangu hapo. Mtoto aliye tumboni ana nusu ya vinasaba vya baba, kwa hiyo kwa mwili wa mama ni mgeni. Figo ya mtu mwingine ikipandikizwa mwilini bila dawa za kutuliza kinga, hukataliwa. Mtoto hakataliwi, anakaa miezi tisa. Kwa nini? Kwa muda mrefu jibu lililopendwa lilikuwa kwamba kinga ya mama hulala wakati wa ujauzito. Jibu hilo bado linasikika mitaani na hata katika baadhi ya mafunzo ya afya, lakini halitoshi. Kinga ya mama hailali, bali hubadilisha kazi kulingana na umri wa mimba.

Mtafiti Gil Mor, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ameueleza ujauzito kama hatua tatu za kinga. Katika majuma ya mwanzo, kiini cha mimba kinapojichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, ukuta huo unajeruhiwa na kutengenezwa upya, na hapo mchochota upo na una kazi. Kisha huja kipindi kirefu cha katikati, mtoto anapokua, ambapo mwili wa mama unaushikilia mchochota uwe chini. Mwishoni hali hugeuka tena. Chembe nyeupe huingia kwenye misuli ya mji wa mimba na kwenye mlango wa kizazi, kemikali ziitwazo prostaglandini huongezeka, mlango hulainika, misuli huanza kukaza, na uchungu huanza. Kuzaa, kwa lugha ya chembe za damu, ni mchochota uliofika kwa wakati wake.

Ukilishika hilo, mengi yanafunguka. Mchochota wa mwezi wa tisa huleta mtoto, lakini ukitokea mwezi wa sita huleta mtoto njiti. Kinachotofautisha heri na msiba ni lini umetokea, wapi, na kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo maana hata vipimo vya maabara vinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Chembe nyeupe za damu huongezeka kwa mjamzito mwenye afya njema, na kipimo cha ESR, cha kasi ya chembe nyekundu kutulia chini ya mrija, hupanda bila ugonjwa wowote. Mama anayeambiwa ana maambukizi kwa sababu tu ya ESR kubwa anastahili kuuliza ni dalili gani nyingine zimeonekana.

Tukae kidogo kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mambo ya mwezi wa nane huamuliwa. Damu ya mama hufika kwenye kondo kupitia mishipa midogo iliyojikunja ndani ya ukuta wa mji wa mimba. Kabla ya ujauzito mishipa hii ni myembamba na ina misuli inayoweza kujikaza. Mimba inapotunga, chembe za kondo huingia ndani ya ukuta huo na kuitengeneza upya mishipa, hadi mfereji mwembamba wa shambani unakuwa mto mpana unaotiririka taratibu bila kukatika. Kazi hiyo haifanywi na kondo peke yake. Chembe za kinga za mama, hasa zile ziitwazo chembe NK za mji wa mimba, zinashiriki, na katika miezi mitatu ya kwanza ndizo nyingi kuliko chembe nyingine zote nyeupe zilizopo pale.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka Kampala. Dk. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na timu ya Ashley Moffett wa Cambridge, alichunguza vinasaba vya wanawake waliojifungulia Hospitali ya Mulago, baadhi yao wakiwa wamepata priklampsia. Priklampsia ni presha inayopanda baada ya juma la 20 la mimba, mara nyingi pamoja na protini kwenye mkojo au dalili za ini, figo au ubongo kuathirika. Isiposhughulikiwa inaweza kugeuka kifafa cha mimba. Huwapata kati ya 2% na 8% ya wajawazito duniani. Walichokiona ni kwamba hatari ilikuwa kubwa pale chembe NK za mama zilipobeba vinasaba vinavyozituliza kupita kiasi, huku mtoto akiwa na aina fulani ya alama ya kinga iliyoongeza utulizaji huo. Chembe zilizotulizwa mno hazikuamka kufanya kazi ya mishipa. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2015 walionyesha pia kuwa vinasaba vinavyowakinga wanawake wa Uganda si vilevile vinavyowakinga wanawake wa Ulaya. Utafiti uliofanywa Ulaya peke yake usingeliona hilo kamwe, na sioni namna nzuri zaidi ya kumjibu mtu anayeuliza kwa nini tafiti za uzazi zifanyike hospitali zetu.

Kwa hiyo katika mlango huu wa kwanza wa mimba, tatizo linaweza kuwa kinga kidogo mno.

Mishipa isipopanuka vizuri, kondo hupata damu ya kusuasua. Kondo lenye njaa ya oksijeni huanza kumwaga vitu kwenye damu ya mama. Mwaka 2003 timu ya Ananth Karumanchi mjini Boston ilikitambulisha kimojawapo, protini iitwayo sFlt-1. Kazi yake ni kunasa kemikali zinazoifanya mishipa ya damu ibaki laini na yenye afya. Inapozidi, ukuta wa mishipa ya mama mwili mzima huathirika: presha inapanda, figo zinavujisha protini, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, ini linalalamika. Mchochota nao unakolea, sasa ukiwa mwili mzima. Mama anahisi ugonjwa wiki ya 30 au 34, ilhali mbegu yake ilipandwa kabla hata tumbo halijaonekana. Hii ni moja ya sababu za wahudumu kusisitiza kuhudhuria kliniki mapema. Yapo mambo ambayo ukiyakuta mwezi wa saba, umeyakuta yameshapita.

Sasa turudi kwenye malaria, kwani hapa ndipo mchochota umechunguzwa kwa kina zaidi katika ukanda wetu.

Mwanamke aliyekulia Siaya au Korogwe, kwenye malaria nyingi, ameng'atwa na mbu na kuugua malaria tangu utotoni, na kingamwili zake zimekomaa. Akiambukizwa ukubwani huenda asiumwe sana. Lakini mwanamke huyohuyo akipata mimba ya kwanza, malaria inamwandama kana kwamba hajawahi kukutana nayo. Fumbo hilo lilianza kufumbuka mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walipochapisha utafiti waliofanya kwa makondo ya akina mama wa Kisumu. Waligundua kwamba vimelea vilivyojificha kwenye kondo ni vya aina yake. Chembe nyekundu zilizobeba vimelea hivyo hujinata kwenye sukari maalumu iliyo juu ya kondo, iitwayo kondroitini salfeti A, na hazijinati zinakojinata zile za malaria ya kawaida. Mwaka 2003 Ali Salanti na wenzake wa Copenhagen waliitambua protini inayotumiwa na kimelea kujinata, wakaiita VAR2CSA. Wanaume, watoto na wanawake ambao hawajawahi kubeba mimba hawana kondo, kwa hiyo miili yao haijawahi kutengeneza kingamwili dhidi ya kimelea wa namna hiyo. Mama wa mimba ya kwanza anaanza sifuri. Mimba ya pili na ya tatu humkuta tayari ana silaha.

Jambo hili lina matokeo ya vitendo. Kwa kuwa vimelea vimejibanza kwenye kondo, damu ya kidoleni inaweza kupimwa na kuonekana safi ilhali kondo limejaa. Mama hana homa, kipimo kinasema hana malaria, na mtoto anadhoofika tumboni.

Anadhoofika kwa njia gani? Mara nyingi mtoto mwenyewe hajaambukizwa. Kinachomdhuru ni mkusanyiko wa chembe nyeupe za mama, hasa zile ziitwazo monosaiti, ambazo huvutwa na vimelea na kujazana katika nafasi ambayo damu ya mama hupita kumlisha mtoto. Huko zinamwaga saitokini. Kundi la Fried lilionyesha mwaka 1998, tena kwa akina mama wa magharibi mwa Kenya, kwamba saitokini iitwayo TNF ikiwa juu kwenye kondo, mtoto huelekea kuzaliwa na uzito mdogo. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa katika kondo lenye mchochota wa malaria, ile mitambo midogo inayovusha sukari na viini vya protini kwenda kwa mtoto hufanya kazi kwa unyonge. Mtoto anashinda njaa wakati mama yake anakula.

Muheza, mkoani Tanga, palifanyika utafiti mkubwa wa akina mama na watoto wao ambao matunda yake bado yanasomwa. Mwaka 2006, kundi lililowajumuisha Theonest Mutabingwa na Patrick Duffy lilieleza kwamba akina mama wa mimba ya kwanza waliokuwa na malaria ya kondo pamoja na presha walikuwa na kiwango kikubwa cha sFlt-1. Ni protini ileile ya Boston, ile ya priklampsia. Mlango ulioingiliwa ni tofauti, kwani huku ni mishipa iliyotengenezwa vibaya na kule ni mbu, lakini njia mbili zinakutana kwenye kondo lililochokozwa. Mganga anayemwona mama kijana wa mimba ya kwanza mwenye presha katika eneo la malaria ana sababu ya kuyafikiria yote mawili kwa pamoja.

Sasa lile fumbo la SP linaanza kuwa na sura. Ndani ya SP kuna salfadoksini, dawa ya jamii ya salfa, na dawa za salfa huua bakteria. Kwa hiyo mama anayemeza SP kwa ajili ya malaria anapata pia dozi ya antibayotiki, na huenda inapunguza bakteria wanaochochea mchochota kwenye njia ya uzazi au utumbo. Wapo watafiti wanaoshuku kwamba SP hutuliza mchochota moja kwa moja, na wengine wanaangalia jinsi inavyohusiana na ongezeko la uzito wa mama mwenyewe. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti kadhaa ulitenganisha faida za dawa hizi mbili: DP inasaidia uzito wa mtoto kwa kuzuia malaria, SP inasaidia kwa njia zisizo za malaria, na katika maeneo mengi njia hizo za pembeni zimekuwa na uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo kuongeza azithromaisini juu ya DP hakukuziba pengo, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa antibayotiki yoyote tu.

Kwa mama aliye kliniki leo, hitimisho ni jepesi kuliko maelezo yake. SP bado ina kazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito, itolewe kila hudhurio kwa kuachana angalau mwezi mmoja, na mama apate dozi zisizopungua tatu kabla hajajifungua. Asipewe mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU, kwani zote mbili ni za jamii ya salfa. Na vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 vinaipunguzia SP nguvu. Dozi inayofaa kwenda nayo ni ya miligramu 0.4. Hili la foliki asidi linasahaulika mno kwenye maduka ya dawa, na ni la kuuliza bila aibu.

Bakteria nao wana hadithi yao, ngumu kuliko ya malaria. Mara nyingi hupanda kutoka ukeni, wakapita mlango wa kizazi, wakafika kwenye ngozi za chupa ya uzazi. Kinga ya mama inapozitambua kuta zao, inamwaga saitokini, saitokini zinaamsha prostaglandini, na prostaglandini zinaamsha uchungu, kwa sababu ndiyo njia ileile ya mwezi wa tisa. Chupa inaweza kupasuka kabla ya wakati. Kadiri uchungu unavyokuja mapema, ndivyo uwezekano wa kukuta maambukizi unavyokuwa mkubwa. Hasa kwa mimba za chini ya wiki 28. Mchochota ukimfikia mtoto kupitia kitovu, unaweza kuyagusa mapafu na ubongo wake, na ni moja ya sababu za mtindio wa ubongo.

Wazo lililofuata lilikuwa la kawaida kabisa: wapewe antibayotiki. Wanawake wa Dar es Salaam, Lusaka, Blantyre na Lilongwe walishiriki jaribio kubwa la metronidazo na erithromaisini, lililochapishwa mwaka 2006, dawa zikianza kati ya wiki ya 20 na 24. Kujifungua kabla ya wakati hakukupungua, na mchochota uliopimwa kwenye makondo haukupungua. Nchini Uingereza, jaribio la ORACLE lilitoa funzo kali zaidi. Wanawake walioanza uchungu mapema huku chupa haijapasuka na hawana dalili za maambukizi walipewa antibayotiki. Hazikuwasaidia. Watoto wao walipofuatiliwa hadi umri wa miaka saba, mtindio wa ubongo ulionekana kwa 3.3% ya wale ambao mama zao walipewa erithromaisini, na 1.7% ya wale ambao mama zao hawakupewa. Kwa waliopasuka chupa mapema mambo yalikuwa tofauti, erithromaisini iliwapa nafuu, na hadi leo hutumika kwao.

Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba kufikia wakati huo moto umeshawashwa na mwashaji hana umuhimu tena. Bakteria aliyekufa huacha vipande vya ukuta wake, na kinga huvijibu vipande hivyo kama inavyomjibu aliye hai. Pengine pia dawa huua bakteria wema waliokuwa walinzi. Na pengine mchochota ule ulikuwa unamtoa mtoto kwenye mazingira yaliyokuwa yanamdhuru, na kumzuia asitoke kukamwongezea siku za kukaa humo. Maelezo hayo matatu yanaweza yote kuwa kweli kwa akina mama tofauti.

Ugonjwa wa fizi ulifuata mkondo huohuo. Wanawake wenye fizi mbovu walionekana kujifungua mapema zaidi, hivyo nchini Marekani zaidi ya wajawazito 800 walisafishwa meno ama kabla ya wiki ya 21 au baada ya kujifungua. Fizi zilipona vizuri. Tarehe za kujifungua hazikubadilika. Kisha Malawi ikaja na jambo la kutia moyo: zaidi ya wanawake 10,000, chingamu yenye zailito (aina ya sukari mbadala) iliyotafunwa kuanzia kabla ya mimba au mapema katika ujauzito, na waliojifungua kabla ya wakati wakawa 12.6%, dhidi ya 16.5% ya wenzao wasiopewa chingamu hiyo. Tofauti kati ya tafiti hizi mbili, naamini, ipo zaidi kwenye kalenda kuliko kwenye kinywa.

Kalenda hiyohiyo inaonekana tena katika azithromaisini. Iliyotolewa wakati wa ujauzito haikuongeza kitu. Lakini dozi moja ya gramu 2 iliyotolewa mama akiwa kwenye uchungu, katika jaribio la wanawake zaidi ya 29,000 wa nchi saba zikiwemo Kenya, Kongo ya Kinshasa na Zambia, ilipunguza maambukizi makali ya damu au vifo vya akina mama kutoka 2.4% hadi 1.6%. Watoto wachanga hawakupata faida iliyoonekana. Dawa ni ileile, saa ni nyingine, na hata kati ya mama na mtoto wake matokeo yamegawanyika.

Kuna mtu atauliza: kama mchochota ndio tatizo, kwa nini tusimpe mama dawa za kuutuliza? Tumeshaanza, kwa uangalifu mkubwa. Aspirini ya dozi ndogo, ambayo haitoshi hata kutuliza kichwa, huzuia chembe sahani za damu zisitoe kemikali zinazobana mishipa na kugandisha damu kwenye kondo. Jaribio la ASPRE la mwaka 2017 liliwapa wanawake walio katika hatari kubwa miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na 14, na priklampsia ya kabla ya wiki 37 ikashuka kutoka 4.3% hadi 1.6%. Miaka mitatu baadaye, karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza katika nchi sita, Kenya na Kongo zikiwemo, walipewa miligramu 81 au kidonge kisicho na dawa. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa 11.6% kwa aspirini na 13.1% kwa wengine. Tofauti ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini kwa dawa ya bei ya chini namna hii, kwa nchi nzima, ni watoto wengi.

Aspirini hiyo huandikwa na mhudumu baada ya kumuuliza mama historia yake: aliwahi kupata priklampsia, ana kisukari, presha ya siku nyingi, ugonjwa wa figo, lupasi, au mimba ya mapacha. Inapaswa kuanza kabla ya wiki ya 20, na vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16, wakati mishipa ya kondo bado inatengenezwa. Ikianza mwezi wa saba haina mengi ya kuokoa.

Dawa nyingine za kutuliza mchochota, hasa diklofenaki na ibuprofeni ambazo hununuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo na nyonga, ni habari tofauti kabisa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya zisitumike kuanzia wiki ya 20 bila ushauri wa daktari, kwa sababu zinaweza kuzidhoofisha figo za mtoto. Mkojo wa mtoto ndio unaofanya sehemu kubwa ya maji ya uzazi, hivyo figo zikilegea maji hupungua. Katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Mama mwenye maumivu aanze na parasetamoli, kwa dozi iliyoandikwa na kwa siku chache. Maumivu yakiambatana na homa, maji kuvuja, damu, kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, uso au mikono kuvimba ghafla, au mtoto kupunguza kucheza, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.